Majaribu na Majaribio

Kiswahili kimeyapa mambo mawili mzizi mmoja. Majaribu humfika mwamini, naye huambiwa kwamba Mungu ana makusudi naye. Majaribio ni ya watafiti. Nao wana makusudi, ila si lazima yawe na huyo aliyelala kitandani. Mgonjwa wa saratani anayekubali kuingia awamu ya kwanza ya utafiti wa dawa husimama katikati ya maneno hayo.

Awamu ya kwanza haiulizi kama dawa inaponya. Inauliza mwili utastahimili kiasi gani.

Kwa utaratibu uliozoeleka, wagonjwa watatu hupewa dozi ndogo. Wakiimudu, watatu wengine hupandishiwa. Mmoja akidhurika vibaya, huongezwa watatu kwa dozi ileile. Waliodhurika wakifika wawili, kupandisha kunakoma. Kwa hiyo wa mwanzo huenda wakameza dozi isiyoushtua hata uvimbe, na wa mwisho ikawazidi nguvu.

Dawa zikichanganywa, hesabu huwa ngumu zaidi. Mwaka 2011 Marekani iliidhinisha dawa mbili za melanoma, saratani kali ya ngozi: vemurafenib, inayoizuia protini ya BRAF iliyoharibika, na ipilimumab, inayoamsha kinga ya mwili. Kila moja ilikuwa imefaulu peke yake. Zilipokutanishwa kwa wagonjwa sita wa kwanza, vipimo vya ini vya wanne vilipanda vibaya. Dozi ya vemurafenib ikapunguzwa, wawili kati ya wanne waliofuata yakawapata yaleyale. Maini yao yalirejea hali yake, lakini mpango ule ulifungwa.

Ndoa nyingine ilifana. Dabrafenib huizuia BRAF, trametinib huizuia MEK, protini inayopokea amri kutoka kwa BRAF. Katika matokeo ya 2012, waliopata zote kwa dozi kamili walikaa miezi 9.4 kabla ugonjwa haujasonga mbele, dhidi ya 5.8 kwa dabrafenib pekee. La ajabu, saratani za ngozi zinazozuka kama madhara ya dawa zilishuka kutoka asilimia 19 hadi 7, kwa kuwa dawa ya pili iliziba njia ambayo ya kwanza ilikuwa ikiichochea katika seli zenye BRAF isiyoharibika. Homa, kwa upande wake, ikapanda kutoka asilimia 26 hadi 71. Nani angeyabashiri haya yote mezani, bila mwili wa mtu?

Hapo ndipo swali linapouma. Mwanafalsafa Hans Jonas aliandika mwaka 1969 kwamba wa kwanza kujitolea wawe wanaolielewa lengo na kulifanya lao, yaani watafiti wenyewe, na kwamba mgonjwa asifanyiwe jaribio lisilohusu ugonjwa wake. Sharti la pili hapa limetimia. La kwanza haliwezekani kirahisi, maana mtafiti mzima hana uvimbe wa kupima.

Anabaki mgonjwa, na wahenga walishamwona: mfa maji hukamata maji. Je, ridhaa yake ni ridhaa? Paul Appelbaum na wenzake walieleza mwaka 1982 jinsi washiriki wanavyoudhania utafiti kuwa matibabu. Lakini kosa hilo si la mgonjwa peke yake. Daktari anayesema “tuna tiba mpya” akiwa na maana ya “tunatafuta dozi” amekwisha kuiba nusu ya ridhaa hiyo.

Tumaini lenyewe si ujinga. Katika tafiti 460 za awamu ya kwanza zilizofanyika Marekani kati ya 1991 na 2002, uvimbe ulinywea kwa takriban mshiriki mmoja kati ya 10, na takriban mmoja kati ya 200 alikufa kwa madhara ya dawa. Mtu aweza kuzisikia namba hizo mbili, akazielewa sawasawa, akamwachia Mungu ya kwake, kisha akatia sahihi kwa ajili ya mgonjwa wa kesho asiyemjua. Namba zote mbili lakini, na kabla ya kalamu.