Tumaini Lililowekwa Amana

Mtu akivunjika mguu hutumaini mwenyewe. Huhesabu siku za kutolewa plasta, humuuliza nesi kama atacheza tena mpira, hununa, huomba. Lakini akiumia ubongo vibaya, akawa hafumbui macho wala haitiki akiitwa, yeye ndiye pekee katika ukoo mzima asiyetumaini lolote. Tumaini lote liko nje ya mlango wa ICU, kwa mama, kwa mke, kwa shemeji aliyeomba ruhusa kazini akaja na chupa ya chai. Jambo hili tumelizoea mno kiasi kwamba hatulioni ugeni wake.

Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alieleza kuwa tumaini huelekea jema lijalo, lililo gumu kupatikana lakini linalowezekana. Aliongeza kwamba mtu anaweza kutumaini kwa ajili ya mwenzake pia, mradi upendo uwe umewaunganisha hata amhesabu kama nafsi yake. Nakubaliana naye, na hapo hapo naiona hatari: nikimhesabu mgonjwa kama nafsi yangu, nitajuaje kwamba ninachokitumaini ni chake na si changu?

Machakos inalijua swali hili kwa uchungu. Barabara kuu ya Mombasa inaikata kaunti hii kuanzia Mlolongo, ikapita Athi River hadi makutano ya Kyumvi. Malori hupita usiku kucha, boda boda hujipenyeza katikati yake, na abiria mara nyingi ni kichwa wazi. Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kwa mwaka. Walionusurika na ubongo uliojeruhiwa hawatajwi sana kwenye taarifa ya habari. Hufikishwa Hospitali ya Machakos Level 5, na wengine hupewa rufaa kwenda Kenyatta, Nairobi, iwapo kitanda kipo. Si kila mara kipo. Oktoba 2015 majeruhi mmoja alikaa saa 18 ndani ya ambulensi jijini Nairobi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na akafariki. Hatuwezi kulizungumzia tumaini kana kwamba linaishi moyoni tu. Nalo linahitaji oksijeni, skani na damu.

Daktari ana kipimo chake. Mwaka 1974 Graham Teasdale na Bryan Jennett, wa Glasgow, walitunga njia ya kumpima mgonjwa kwa mambo matatu: anavyofumbua macho, anavyosema na anavyojongeza viungo. Alama ya chini kabisa ni 3, ya juu ni 15, na kuanzia 8 kushuka chini ni jeraha kali. Ni kipimo cha thamani, kwa kuwa hakihitaji hata umeme. Tatizo ni kwamba familia ikiambiwa "ana tano" huipokea kama hukumu, kumbe ni habari ya saa ile. Wataalamu wenyewe wamelazimika kulegeza kauli zao. Mwaka 1994 jopo la Marekani lilisema kwamba aliyejeruhiwa kichwa akikaa miezi 12 macho wazi lakini bila kujitambua, hali yake ihesabiwe ya kudumu; mwongozo wa 2018 ukaliacha hilo, ukaiita hali ya muda mrefu. Utafiti mmoja wa huko, uliochapishwa 2021, uliwafuatilia wagonjwa 79 waliokuwa katika hali hiyo wiki mbili baada ya kuumia. Kabla ya mwaka kwisha, 62 walikuwa wamejitambua. Walitibiwa kwenye hospitali zenye vifaa vyote, kwa hiyo mtu asizichukue takwimu hizi kama ahadi aliyopewa yeye. Ninachosema ni kwamba anayekata tamaa wiki ya kwanza anadai kujua jambo ambalo bado halijulikani.

Mwanateolojia John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, jirani kabisa na hapa, aliandika mwaka 1969 kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati uliopita ni mrefu mno, lakini wakati ujao hauvuki miezi sita, au sana sana miaka miwili. Ukambani ndiko alikotoa sehemu ya ushahidi wake. Mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga kwa ushahidi wa Waakan, nami naona Gyekye ana hoja, maana mzee wa Machakos anayepanda mwembe haangalii msimu ujao tu. Hata hivyo, kando ya kitanda maisha hujibana kama alivyosema Mbiti: dawa ya saa nne usiku, malipo ya Ijumaa, kliniki ya mwezi ujao. Mbiti alifundisha pia kwamba mtu hawi mtu peke yake. Yupo kwa kuwa wenzake wapo. Fundisho hilo limewabeba wengi wodini, na sitaki kulipunguza. Ila naliwekea mpaka mmoja. Kwamba mgonjwa yupo kupitia kwetu hakutupi haki ya kuamua akiamka awe nani.

Tumaini lake lingefaa kushikwa kama amana. Aliyewekewa amana huilinda kuliko mali yake, haitumii kwa shida zake, na mwenyewe akija humkabidhi bila kumhoji ataifanyia nini. Tuseme aliyeumia ni mchongaji vinyago wa Wamunyu. Ameamka, mkono wa kulia umelegea, maneno yanamponyoka, kelele zinamchosha upesi. Miezi yote ile nyumbani wametumaini siku atakayorudi kwenye kibanda chake, na kila jioni wanamwekea patasi mkononi. Yeye anataka kufunga vifungo vya shati mwenyewe. Anataka aende kanisani akae benchi la nyuma, asisimamishwe mbele kutoa ushuhuda wa muujiza. Wakimsikiliza wataona kwamba amekwisha kuanza kutumaini, na kwamba patasi ilikuwa haja yao.

Pesa hulifanya jambo hili liwe gumu zaidi. Bili ya ICU huilemea familia moja. Kundi la WhatsApp hufunguliwa, harambee huitishwa, kipande cha shamba huuzwa. Naiheshimu michango hiyo kwa moyo wote, kwani bila hiyo wengi wangezikwa. Lakini aliyechanga hutaka kuona matunda, na aliyeamka hujikuta akidaiwa tabasamu, shukrani na maendeleo. Akilipuka kwa hasira huambiwa hana shukrani, ilhali mara nyingi hasira ile ni jeraha lenyewe, maana sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kujizuia, ndiyo imeumia. Na mkewe, anayemlisha na kumwogesha, matumaini aliyokuwa nayo kwa ajili yake mwenyewe yako wapi? Ni nadra kusikia mtu akimuuliza.

Na asiyeamka? Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake kule Cambridge walimpima kwa skani ya ubongo mwanamke wa miaka 23 aliyekuwa haitiki lolote miezi mitano baada ya ajali ya gari. Walimwambia awaze anacheza tenisi, kisha awaze anatembea katika vyumba vya nyumba yake, na ubongo wake ukafanya kazi kama wa watu wazima wa afya. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 241 wasioonyesha kuitika amri wanapoangaliwa kitandani. 60 kati yao, robo nzima, walionyesha ubongoni kwamba wanasikia na kutii. Vipimo hivyo ni vya watafiti, si vya wodi ya kawaida. Mama anayemuuguza mwanawe kule Mwala au Kangundo hana njia ya kujua kama wake yumo katika robo ile, hivyo hana budi kumtendea kana kwamba yumo. Kabla ya kumgeuza ubavu, amwambie kwamba anamgeuza. Amwite kwa jina, amweleze mvua ilivyonyesha na ng'ombe aliyezaa. Mjomba akija na hesabu ya bili, watoke wakaizungumzie nje.