Pesa za Idi za Mtoto ni za Nani?



Ndugu zangu wanachuo, kila Idi inapopita hapa kwetu Buyenzi, watoto hurudi nyumbani wameshika faranga walizopewa na wajomba, mashangazi na majirani. Katika nyumba nyingi husikika neno lile lile: "Lete nikuwekee." Wiki mbili baadaye mtoto akiziulizia hujibiwa: "Na chakula unachokula hapa kinatoka wapi?" Wakubwa hucheka, na habari inaishia hapo. Mimi naona haifai kuishia hapo, maana ndani yake mna swali la haki.

Siku hizi tunahimizana kuwafundisha watoto kuweka akiba. Tunawanunulia vibubu na kuwaonya juu ya israfu. Lakini anayeweka akiba ni mtu anayeamini kwamba kesho atakikuta alichokiweka leo. Mtoto ambaye kibubu chake kimevunjwa mara mbili bila kuulizwa hupiga hesabu yake: pesa iliyowekwa huliwa na mwingine, iliyotumiwa ameila mwenyewe. Basi ya tatu anakimbia nayo dukani. Sisi tunamwita mbadhirifu, kumbe ameshika vizuri somo tulilompa.

Katika dini yetu mtoto anamiliki. Hata aliye tumboni mwa mama yake huwekewa fungu lake la mirathi. Wanazuoni wa Kishafi, Kimaliki na Kihanbali wanasema mali ya mtoto ikifika kiwango hutolewa zaka, na msimamizi wake ndiye anayeitoa. Wahanafi hawaoni kwamba pesa zake zinawajibikiwa na zaka, ila nao hawana shaka kwamba mali ni yake.

Tena Suratun Nisaa, aya ya 5 na ya 6, inatufundisha namna ya kuishika mali hiyo. Wasio na busara wasiachiwe mali waichezee. Mayatima wajaribiwe, na wakifika umri wa kuoa, ikaonekana wana uongofu wa kutunza mali, wakabidhiwe. Na walezi wamekatazwa kuila kwa fujo na kwa haraka kabla wenyewe hawajakua. Kwa hiyo mzazi anayesema "nikuwekee" hajakosea. Kuhifadhi ni wajibu wake. Kosa ni pale kuhifadhi kunapogeuka kuwa kula.

Hilo neno "wajaribiwe" nalipenda sana. Wanazuoni wa Kishafi wanaeleza kwamba jaribio hufanyika kabla ya balehe: mtoto wa mfanyabiashara apewe kiasi kidogo, apatane bei, kisha mlezi ndiye amalize mauziano. Hayo ni mafunzo ya pesa kamili, na yako katika vitabu vya fiqhi tangu zamani. Mtoto hajifunzi kwa pesa asizoruhusiwa kuzigusa.

Najua kuna atakayeniambia: mbona Mtume (s.a.w.) alimwambia mtu mmoja kwamba yeye na mali yake ni vya baba yake? Hadithi hiyo ipo. Lakini wanazuoni wengi wameifahamu kuwa inazungumzia wema na mahitaji ya mzazi, haihamishi umiliki. Hoja yao ni mirathi: mtu akifa akaacha mtoto wa kiume na baba, baba hupata sudusi. Ingekuwa mali yote ilikuwa ya baba tangu mwanzo, angegawiwa sudusi ya nini? Hata Wahanbali, wanaompa baba nafasi kubwa zaidi ya kuchukua, wameweka sharti kwamba asimdhuru mwanawe.

Na siku ambayo hakuna unga ndani? Sithubutu kumlaumu mama aliyefungua kibubu ili watoto wale. Ninachosema ni kwamba hata siku hiyo mtoto aambiwe. Mtume (s.a.w.) aliletewa kinywaji, kuliani kwake akiwa amekaa kijana mdogo na kushotoni wazee. Alimwomba yule kijana ruhusa awaanzie wazee. Kijana akakataa kuitoa haki yake, na Mtume akampa yeye. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu aliomba ruhusa kwa ajili ya kinywaji, sisi tunashindwa nini kusema: "Mwanangu, nimekopa faranga 500 zako, nitazirudisha mwisho wa mwezi"? Kisha tuandike na turudishe. Mtoto huyo atakuwa amejifunza akiba, deni na ahadi kwa siku moja.

Jambo hili si la wazazi wetu tu. Wengi wetu ni kaka na dada wakubwa. Pesa za wadogo zetu zinakaa katika simu zetu, na wengine tunashika michango ya watoto wa madrasa. Nauli ikikosekana siku ya mtihani, pesa za mtoto ndizo za kwanza kukumbukwa, kwa sababu hana nguvu ya kudai. Lakini ni amana kama ya mtu mzima, na asiyeweza kudai leo duniani hatakosa kudai Siku ya Kiyama.

Kabla hatujamfundisha mdogo wetu kuweka, basi, tuzihesabu mbele yake zile tulizomwekea.

Wallahu aalam.