Msamaria Aliondoka Lini?



Sisi tuishio Tunduma tunajua maana ya jirani. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, na Wanyamwanga wako pande zote mbili. Malori yapitayo hapa huenda hata Lubumbashi. Ndiyo maana Goma ilipotekwa Januari 2025, na Machi majeshi ya SADC, yakiwamo ya Tanzania, yakaamriwa kuondoka Kongo, tuliulizana baada ya ibada: Je, taifa lenye nguvu lina haki ya kukaa katika vita vya jirani? Na likisha kuingia, litoke lini?

Swali hili taifa letu limewahi kulijibu kwa damu. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum, mchungaji wa Kanisa letu la Anglikana huko Uganda, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Mataifa mengi ya Afrika yalinyamaza, kwa kuwa mambo ya ndani ya nchi hayaingiliwi. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaivamia Kagera. Jeshi letu liliyafukuza, likavuka mpaka, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Huko Monrovia, Julai mwaka huo, baadhi ya viongozi wa Afrika walitulaumu. Lawama ile haikuwa bure, maana mpaka usipoheshimiwa, mwenye nguvu hakosi kisingizio. Lakini mpaka ni ukuta wa nyumba. Si pazia la kufichia mauaji.

Kuingia, basi, kulikuwa halali. Kukaa je? Askari wetu walibaki mpaka 1981. Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18, na dhiki ikazidi muda huo. Katika kipindi hicho Lule aliondolewa madarakani, kisha Binaisa. Desemba 1980 ukafanyika uchaguzi, akatangazwa mshindi Obote, aliyekuwa mgeni wetu uhamishoni. Wapinzani wake waliyakataa matokeo, na Februari 1981 vita vya msituni vikaanza. Wako wasemao tuliondoka mapema mno. Wako wasemao tulikawia mno. Sisi tunaona kwamba wote wana sehemu ya kweli. Aliyekaa huzuia machafuko, lakini kadiri akaavyo ndivyo aonekanavyo kuwa upande mmoja, hata kama nia yake ni safi.

Tumtazame Msamaria wa Luka sura ya 10. Alifunga majeraha, akampeleka mtu yule nyumba ya wageni, akamuuguza. Kesho yake alimpa mwenye nyumba dinari mbili, akaenda zake, akiahidi kulipa zaidi atakaporudi. Hakuitwaa nyumba ile, wala hakumsahau mgonjwa.

Mtu atasema: Wale wanyang'anyi walikuwa wamekwisha kwenda, bali wa Kongo wangali njiani. Ni kweli, nasi hatuna budi kulikubali neno hili. Mwaka 2013 askari wetu walikwenda huko chini ya Umoja wa Mataifa, na Novemba mwaka huo M23 wakashindwa. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki, wanajeshi wetu wasiopungua 14 waliuawa. Hata hivyo, mwaka 2025 Goma ilianguka tena. Je, walikufa bure? La hasha! Waliwanunulia watu muda wa kuishi. Lakini jeshi la mgeni haliwezi kuwajengea wenyeji serikali inayoaminika, wala kuwapatanisha wasiotaka kupatana. Kazi hiyo ni ya mwenye nyumba.

Kwa hiyo twasema: taifa lenye nguvu na likae maadamu linailinda njia, na liondoke linapoanza kuwachagulia wenyeji bwana wa nyumba. Na likiondoka, lisijidai kwamba deni limekwisha.

Deni hilo latuhusu hata sisi. Tuwatembelee wajane na yatima wa askari. Tumpokee mkimbizi pasipo kumwita adui. Tuiombee Kongo kwa jina katika maombi ya Jumapili, hata redio itakapokuwa imenyamaza.

Mungu atujalie moyo wa Msamaria, wa kukaribia na wa kuondoka kwa wakati wake. Amina.