Mlinzi wa Wote



Uwele unapokomaa hapa Ugogo, mtoto hukaa juu ya dungu akiamia ndege. Kazi yake ni kuona mapema na kupaza sauti. Lakini akiwaacha ndege washuke shambani kwa jirani, kwa kuwa baba yake na huyo jirani hawasemezani, basi si mlinzi tena. Ameingia katika ugomvi.

Idara ya Usalama wa Taifa ni dungu la nchi. Tangu vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992, nchi na chama si kitu kimoja. Sheria ya Idara hiyo ya mwaka 1996 ilisema kwamba si kazi yake kumpeleleza mtu kwa sababu tu ya kushiriki katika upinzani ulio halali. Katiba nayo, ibara ya 147, inawakataza askari wa Jeshi la Ulinzi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa kujiunga na chama. Watu wa Usalama hawakutajwa humo.

Yuko atakayeuliza: "Mkuu wa Idara huteuliwa na Rais, naye Rais aweza kuwa mgombea. Mtumishi atamkataliaje?" Swali hili ni zito. Jibu langu ni kwamba anamtii Rais kwa kuwa ni Rais, wala si kwa kuwa ni mgombea. Mshahara wake unatokana na kodi ya mama auzaye karanga Majengo, awe amempigia kura nani.

Tena mpelelezi mwenye upande hamfai hata mkubwa wake. Musa alituma watu kumi na wawili Kanaani. Kumi walileta habari zilizochanganyika na hofu yao, na taifa zima likazunguka jangwani miaka arobaini. Vivyo hivyo, amwonaye kila mpinzani kuwa adui hatamtambua adui wa kweli.

Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulituachia vifo na vilio, hata Serikali ikaunda tume ya uchunguzi. Kwa hiyo jambo hili si la wakubwa peke yao.

Wako miongoni mwetu wazazi ambao watoto wao wamo katika kazi hiyo, nao hawasemi. Wawaombee, tena wawakumbushe kwamba amri ya mkubwa haiondoi dhamiri. Nasi tuliobaki tujichunguze: je, hatujapata kunong'ona jina la jirani kwa sababu tu ya rangi ya kofia yake? Dungu halianzii mjini. Laanzia kwetu.