Kipigo Kinaishia kwa Nani?

Somo la juma: Kutoka 5:6–21

Siku ya zege ina harufu yake. Saruji iliyoloa, jasho, moshi wa dizeli wa mashine ya kuchanganyia, na chai ya tangawizi ya mama ntilie aliyeinjika sufuria tangu alfajiri kwa sababu ameambiwa leo watu ni arobaini. Tulikuwa tunajenga ukumbi wa usharika, wenye ofisi juu, na Jumamosi ile ilikuwa zamu ya slabu. Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikidhani nimewahi. Fundi mkuu alikuwa ameshafika, ila sikumwona. Nilimsikia kwanza: ko, ko, ko, kutoka chini ya mbao.

Alikuwa ameingia peke yake kwenye ule msitu wa mirunda inayobeba mbao za slabu. Ameinama, anashika mrunda mmoja, anautikisa, anahamia wa pili. Uliolegea anaugongea kabari. Alikwenda hivyo safu kwa safu, mirunda yote, na hakuwa amemwagiza mtu wala kumwambia mtu. Alipotoka alikuwa na utando wa buibui kwenye kofia. Akanawa mikono, akaniitikia shikamoo yangu, ndipo akaanza kuita majina.

Sisi wahubiri tukishika kitabu cha Nehemia tunakimbilia upanga na mwiko, au zile siku 52 ambazo ukuta wa Yerusalemu ulikamilika. Mimi tangu asubuhi ile naupenda ule usiku wa sura ya pili. Nehemia amefika mjini, amekaa siku tatu, kisha anatoka gizani na watu wachache na mnyama mmoja tu, yule aliyempanda. Anazunguka kuta zilizobomoka na malango yaliyoteketea, mpaka anafika mahali ambapo mnyama hana pa kupita. Hajamwambia mtu neno. Hotuba ilikuja baadaye. Kwanza alikwenda kuukagua mzigo ambao angewaomba watu waubebe.

Nirudi saiti.

Mpaka saa nne kazi ilikuwa inakwenda kama ngoma. Kokoto za Lugoba upande huu, mchanga upande ule, mashine inazunguka, na mstari wa vibarua, wanaume na wanawake, umepanda ngazi ya mbao ukipokezana ndoo. Waliimba. Fundi hakupaza sauti hata mara moja, na hilo lilinishangaza, kwa kuwa niliwahi kuishi jirani na jengo ambalo msimamizi wake alikuwa na matusi ya kutosha ghorofa nne.

Kitu kimoja nilikiona kwa karibu. Chini ya nondo huwekwa biskuti, vile vitofali vidogo vya saruji vinavyoziinua nondo zisilale juu ya mbao, ili zege lipate kuzizunguka pande zote. Watu wakikanyagakanyaga, biskuti huhama. Kijana mmoja saidia fundi, ambaye nadhani hakuwa amemaliza miezi miwili katika kazi hiyo, alisimama na ndoo yake begani akasema, “Mzee, hapa biskuti hazipo.” Mstari mzima ukasimama. Nikasubiri kijana akaripiwe, maana amewasimamisha watu arobaini. Fundi akaenda, akapiga magoti, akainua nondo kwa ndoana, akarudisha biskuti tatu, akamuuliza kijana, “Umeona na kwingine?” Kijana akaonyesha kwingine. Ilichukua dakika kumi hivi. Kisha ngoma ikaendelea.

Nimewahi kuwasikia mafundi wa mji huu wakizungumzia Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, tarehe 29 Machi, siku lilipoanguka jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam. Watu 36 walikufa. Wanalizungumzia kwa sauti ya chini, kama watu wanaotaja ugonjwa wa ukoo. Siijui saiti ile wala sitaki kumsemea mtu yeyote aliyekuwa pale. Najua tu kwamba tangu Jumamosi ile, kila nikipita chini ya jengo linaloinuka huwa najiuliza kama ndani yake yupo kijana mwenye ndoo anayeweza kusimama akasema biskuti hazipo, na yakawa salama kwake.

Adhuhuri Fundi alitandika mfuko mtupu wa saruji nyuma ya rundo la matofali, akaswali. Aliporudi hakula. Alisubiri mpaka mama ntilie alipomaliza kuwapakulia vibarua wote, akachukua kilichobaki, ugali na mchuzi wa dagaa wenye dagaa wachache. Nilifikiri ni unyenyekevu, nikapanga kuutolea mahubiri. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa anawatazama wakila: nani amekula nusu, nani hakugusa, nani ameketi akiwa ameshika kiuno.

Saa tisa mashine ikakata mkanda.

Sasa naomba mnisome vizuri, kwa sababu kuanzia hapa tafakari hii inanihusu mimi. Theluthi moja ya slabu ilikuwa bado. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa bahari. Baba Askofu alikuwa aje kuzindua jengo baada ya majuma manane, kadi zilikwisha kuchapwa, na kila mtu wa ujenzi anajua slabu haivuliwi mbao kesho yake. Inahesabiwa majuma, huku inamwagiwa maji asubuhi na jioni kama bustani. Siku moja ikipotea hapa, inapotea na kule mwisho. Nikamwendea Fundi nikamwambia wachanganye kwa koleo, chini, kama tulivyokuwa tukifanya vijijini. Watu wapo, vifaa vipo.

Walijaribu, kama saa moja hivi. Kisha akanishika mkono, akanipeleka penye rundo. “Tazama.” Sikuona kitu. Akachota kwa mwiko, akauinamisha, zege likateleza lote. Mtu akichoka, alisema, anaongeza maji. Wala haibi, mikono yake ndiyo inatafuta zege jepesi kuchanganya na jepesi kubeba. Maji yale yakikauka yanaacha matundu, na slabu inakuwa na ugonjwa tangu kuzaliwa. Akanielekeza kwenye ngazi ya mbao. Dada mmoja alikuwa amesimama katikati yake na ndoo kichwani, na miguu inamtetemeka. Nilikuwa pale tangu asubuhi, na sikuwa nimeiona miguu ya mtu hata mmoja.

Katika Nehemia 4:10 watu wa Yuda wanalalamika kwamba nguvu za wachukuzi zimeisha na kifusi bado ni kingi. Mstari huo huwa tunauruka haraka ili tufike kwenye panga. Lakini mtu aliusikia, akauona unastahili kuandikwa.

“Tunakata hapa,” Fundi akasema. Angeweka ubao wima katikati ya nafasi, mbali na nguzo na mihimili, zege likomee kwa mstari ulionyooka. Jumatatu wangeuchonga ule ukingo, wausafishe, waumwagie uji wa saruji, waendelee. Na leo vibarua wote walipwe siku nzima. Na Jumatatu walipwe tena.

Nilikasirika. Nilisema maneno kuhusu sadaka za wajane na mifuko ya saruji iliyoahidiwa na watoto wa Shule ya Jumapili. Nilisema, Mungu anisamehe, kwamba kama hawezi kazi wapo wengine. Nilisema kwa sauti, na vichwa vikaanza kugeuka. Yeye akasogea, akasimama mgongo wake ukiwa kwa vibarua, yaani katikati yangu na wao, akasema taratibu, “Mchungaji, nikasirikie mimi. Hawa waache waende kwao.” Kisha akageuka, na kwa sauti ileile ya asubuhi akatangaza, “Leo tumefika hapa. Osheni vyombo.” Hakuwaambia kwamba Mchungaji amekataa. Walipopita kuniaga, wananiamkia na kunishukuru kwa chakula, nilitambua kwamba hawajui.

Usiku ule nilifungua Kutoka sura ya tano, na si kwa utakatifu. Lilikuwa ndilo somo nililopanga. Farao amekataza watu wasipewe majani ya kuchanganya na udongo, na hesabu ya matofali ibaki ileile. (Waswahili humwita Firauni, na jina lenyewe limekuwa tusi.) Hesabu inapopungua, wanaopigwa si wafyatuaji. Wanapigwa wanyapara, Waisraeli wenyewe waliowekwa juu ya ndugu zao.

Neno hilo, mnyapara, lina safari ndefu. Katika misafara ya karne ya 19 iliyokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, mnyampara alikuwa mkuu wa kundi la wapagazi, mtu wao anayewasemea na kuwaongoza. Baadaye jina likahamia mashambani na magerezani, likaota meno. Leo ukimwita fomeni mnyapara anaweza kununa, na ana haki.

Lakini tazameni wale wa Kutoka. Walikuwa na njia rahisi, na kila msimamizi anaijua: kipigo ukishushiwa, kishushe. Bosi amekufokea, mfokee fundi. Fundi amfokee saidia fundi. Saidia fundi naye amalizie hasira kwa mkewe au kwa punda wa maji. Wale wanyapara hawakufanya hivyo. Matofali hayakutimia, migongo yao ikalipa, na wakaenda wenyewe kwa Farao kulalamika. Sisemi walikuwa malaika. Walipotoka kwa Farao waliwageukia Musa na Haruni wakawalaani. Mtu aliyepigwa huwa hachagui maneno. Ila kipigo hakikuwashukia wafyatuaji kupitia mikono yao.

Rashi, mfafanuzi mkubwa wa Kiyahudi aliyeishi Ufaransa katika karne ya 11, aliliona jambo ambalo sikulipata katika vitabu vyangu vya chuo. Katika Hesabu 11:16 Mungu anamwagiza Musa akusanye wazee 70 ili sehemu ya roho iliyo juu yake iwekwe juu yao pia, na katika Kiebrania neno lililotumika pale kuwataja viongozi hao wa watu ni lilelile la wanyapara waliopigwa Misri. Rashi anasema hao ndio wale. Waliwaonea huruma ndugu zao, hawakuwasukuma, wakapigwa kwa ajili yao. Ndiyo sababu walihesabiwa wanastahili roho ile.

Nililala nikiwa na swali ambalo sikulipenda: katika hadithi hii mimi ni nani? Nilikuwa nimejiweka pamoja na Musa, kwa mazoea ya kazi. Nikijikagua kwa uaminifu, siku ile nilikuwa na kadi za uzinduzi mfukoni na nilikuwa nadai hesabu ileile bila mashine.

Katika usharika wetu wapo wasimamizi wengi kuliko tunavyodhani. Wapo mafomeni wa maghorofa, yupo dada anayesimamia kikosi cha barabara, wapo wenye vikundi vya kupiga plasta na kuweka marumaru. Mnakaa mahali pabaya, nakiri. Juu yenu yupo mwenye fedha na tarehe, chini yenu yupo mwenye ndoo. Sina la kuwafundisha kuhusu zege. Ninachowaomba juma hili ni kwamba mkifika saiti kesho, kabla ya kuita majina, mpite chini ya mirunda. Na ninyi mnaojenga nyumba zenu kidogokidogo, mnaompigia Fundi simu mara sita kwa siku, mjue upande wa pili wa ile simu kuna watu kumi ambao hamwasikii, na jinsi jioni yao itakavyokuwa inategemea Fundi atakaa na maneno yenu au atawapelekea.

Jumatatu nilikwenda kumwomba msamaha. Alikuwa anachonga ukingo wa zege la Jumamosi kwa nyundo na patasi, vumbi limemjaa nyusi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Yamekwisha, Mchungaji,” akaniuliza kama mkanda mpya wa mashine umepatikana. Ulikuwa umepatikana. Uzinduzi ulisogezwa mbele majuma mawili, na Baba Askofu hakuonekana kujali hata kidogo.

Mstari ule upo mpaka leo. Ukisimama ukumbini ukaangalia juu, karibu na mlango wa jikoni, unauona umenyooka kutoka ukuta hadi ukuta, rangi ya zege upande huu imepishana kidogo na ya upande ule. Kamati ilitaka upakwe puti ufichike, niliomba wauache. Kila harusi yupo mgeni anayeuona akaingiwa na wasiwasi, ananivuta pembeni kuniuliza kama dari imepasuka. Namwambia haijapasuka. Hapo ndipo watu walipokwenda nyumbani.