Kabati la Mwanamume Mkristo

Mzee mmoja wa mtaa wetu alikosekana ibadani Jumapili mbili mfululizo. Tulipomtembelea alitukaribisha vizuri, tukazungumza habari za mvua na za wajukuu, ndipo akasema: "Mchungaji, suti yangu imechakaa. Nitakaaje kati ya wanaume wenzangu?" Mzee huyu ana mashati mawili safi. Hakuna aliyemzuia mlangoni. Hata hivyo alizuiwa, na sisi tumo miongoni mwa waliomzuia, kwa kuwa miaka mingi tumewasifu wanaume hadharani kwa suti zao.

Usiku ule tulifungua kabati letu. Suti saba! Tunazovaa ni mbili tu.

Je, tuseme suti ni dhambi? La. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, tuliyojifunza sote kwenye kipaimara, Luther anahesabu mavazi na viatu katika mkate wetu wa kila siku. Ni vipawa vya Mungu. Luther mwenyewe aliendelea kuvaa vazi lake la utawa miaka kadhaa baada ya Matengenezo kuanza, akaliacha mwaka 1524. Alijua kwamba vazi halimwokoi mtu, wala kulivua hakumwokoi. Basi tuko huru. Lakini uhuru wa Mkristo hutumika kwa upendo, na hapo ndipo kabati letu lilipotuhukumu.

Wazo letu la kwanza lilikuwa kumpelekea mzee suti moja. Yohana Mbatizaji anamwagiza mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu. Lakini mzee hakuwa uchi. Kumpa suti kungekuwa kumthibitishia kwamba bila suti hana kiti kanisani, jambo ambalo Yakobo analikemea katika sura ya pili ya waraka wake. Suti nne tuliwapa vijana wanaotafuta kazi, ambao kweli wanazihitaji. Kwa mzee tulipaswa kubadilika sisi.

Jumapili iliyofuata tulivaa shati la kitenge lililoshonwa na fundi wa jirani, tukampitia mzee, tukaenda naye kwa miguu. Sasa baadhi ya wanaume wanakuja na mashati ya namna hiyo, wengine na kaunda suti kama baba zetu, wengine bado na suti na tai. Yote ni mema, yakiwa safi na ya heshima.

Ila tujihadhari. Kitenge nacho kina mishono ya bei kubwa, na unyenyekevu wa kuonyeshwa watu ni majivuno yaliyobadili nguo. Kwa hiyo, ndugu yangu, unaposimama mbele ya kabati Jumapili asubuhi, usijiulize tu kama umependeza. Jiulize pia: ni nani atakayeona haya kukaa karibu nami leo?