Bolti Iliyoshika Kutu

Pitieni Kariobangi Light Industries muone mafundi wakifunga shoki. Spea ni mpya, imetoka Kirinyaga Road, lakini bolti ya zamani imeshika kutu. Mwenye pupa huongeza bomba kwenye spana, anavuta kwa nguvu zote. Ta! Kichwa kimekatika, mwili umebaki ndani. Sasa ni kutoboa kwa drili, katikati kabisa. Ukienda kando unaharibu tundu lenyewe.

Fundi mkomavu nimemwona akisugua kwa brashi ya waya, akamwaga mafuta, akagonga kidogo, akaenda kunywa chai. Aliporudi, kwanza aliikaza kidogo! Ati kutu iachilie. Ndipo akafungua.

Sasa nasema na mzazi wa Dandora, wa Umoja, ambaye kijana wake haongei naye. Mwaka mzima unamvuta: “Okoka leo ama uhame!” Mama, utamvunja. Akina baba, Waefeso 6:4 inawataja nyinyi. Mafuta ni Roho Mtakatifu, na huingia polepole. Leo jioni mwekee chakula, keti naye, usimuulize kitu.